Aliyewasifu Ng'ombe wa Jirani: Maisha ya Marehemu Melchior Barampama, 1956–2026

Baba Paroko, dada yangu Fébronie, watoto, ndugu na jamaa mliopanda mabasi mawili na kivuko kuja hapa, na nyinyi wenyeji wa kisiwa hiki cha Alskärö: mimi ni Perpétue Inamahoro wa Jakobsberg, mdogo wake Fébronie, na marehemu alikuwa shemeji yangu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Aliyenipa kazi hiyo ni yeye mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili, kwa sharti kwamba nisiseme uongo na nisizidishe dakika ishirini. Sharti la kwanza nitalitimiza.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha sote. Watoto walikulia nacho Kibondo, mke wa mwanawe Axel alikuja nacho kutoka Kisumu, na nyinyi wa Tensta na Jordbro mnakisema kila mtu kwa namna yake. Kirundi cha marehemu kilikuwa kirefu mno kwangu. Wenyeji wana tafsiri ya Kiswidi kwenye kijitabu. Ameifanya binti wa marehemu, Natacha, na kama kuna kosa ni lake.

Melchior Barampama alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 huko Mugamba, mkoa wa Bururi, Burundi, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Balthazar Ntirampeba na mama Libérate Ndabaniwe. Mugamba ni nchi ya milima, ukungu na ng'ombe. Mzee Balthazar hakuwa na ng'ombe wengi wa kwake, ila alichunga wa watu, na alijulikana vilima vitatu kwa kuwa mjuzi wa kuwasifu. Kwao huko, ng'ombe mzuri alikuwa na maneno yake mwenyewe ya sifa: alizaliwa wapi, mama yake nani, anatembeaje, pembe zake zimekaaje. Jioni ng'ombe wakirudi zizini mchungaji alisimama akawasemea sifa zao mmoja mmoja, na ng'ombe walisimama kumsikiliza. Melchior aliyasikia maneno hayo kabla hajajua kusoma.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1963. Alikuwa hodari, na kama watoto hodari wengi wa wakati ule, aliaminishwa kwamba mambo ya zizini ni ya watu wasiosoma. Aliyaacha. Alisema mwenyewe kwamba aliona haya baba yake akisikika na wanafunzi wenzake. Mwaka 1977 alihitimu shule ya ualimu na kupangwa kufundisha Mabanda, mkoa wa Makamba, hesabu na Kifaransa, na alifundisha huko miaka kumi na sita. Wanafunzi wake wawili wapo hapa leo, wana mvi, na bado wamekaa wima.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na dada yangu Fébronie Kaneza katika parokia ya Makamba. Yeye alikuwa na miaka thelathini na miwili, dada ishirini na minane, na pande zote mbili za familia zilikuwa zimeshaanza kukata tamaa. Mjomba wetu alipomwandikia barua ya kumkubali, mwalimu aliirudisha na maelezo ya shukrani, na ndani yake alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu. Hakukusudia ubaya, ni mkono tu uliozoea. Mjomba hakucheka hadi mtoto wa kwanza alipozaliwa. Mtoto huyo ni Axel, aliyezaliwa mwaka 1990.

Vita vilipoanza mwaka 1993, Melchior alikuwa safarini Gitega na Fébronie yuko nyumbani na mtoto. Kwa miezi kumi na mmoja dada hakujua kama mumewe yu hai. Walikutana tena upande wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1996 waliishi katika kambi ya Kanembwa, wilaya ya Kibondo. Humo Melchior alifundisha chini ya turubai, Natacha akazaliwa mwaka 1998, na sisi sote tukajifunza Kiswahili. Siku waliyokutana waliahidiana kwamba hawatalala tena katika nyumba mbili. Sikuwepo siku hiyo, ila ahadi hiyo ilikuwa ikisemwa mezani mara nyingi, hata mtu akiomba tu chumvi.

Tarehe 9 Februari 2005 familia ilishuka uwanja wa ndege wa Arlanda, hapa Uswidi. Wakapata nyumba Tensta. Vyeti vya ualimu vilitafsiriwa, vikapigwa mihuri, vikarudishwa, na mwisho wa yote mwalimu akaajiriwa kwenye ghala moja Jordbro akiendesha foklifti. Iliuma. Aliificha vizuri, lakini iliuma. Kwa miaka kumi na mmoja aliamka alfajiri, akavuka jiji zima kutoka kaskazini hadi kusini kwa treni mbili, na hakuwahi kuchelewa. Mgongo wake ulipokataa, mwaka 2018, alistaafu na pensheni ndogo, akawa anashinda Tensta torg, kwenye uwanja wa soko, na wenzake, wakiijadili Burundi kama vile wameachiwa waiongoze.

Sasa nifike kisiwani, maana ndiyo sehemu aliyoniambia nisiifupishe.

Mwezi wa nne mwaka 2021 Fébronie alipata alichokuwa akikitafuta tangu aje Uswidi: ajira ya kudumu, yenye saa kamili, ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Ajira ilikuwa hapa Alskärö. Kutoka Tensta ni mwendo wa saa tatu na nusu, ukiwahi. Kivuko cha mwisho kinaondoka saa kumi na mbili jioni, duka linafunguliwa siku tatu kwa wiki, na wakati wa baridi wakazi hawafiki mia. Alibakisha miaka minne kufikia pensheni, na bila miaka hiyo minne pensheni yake ingekuwa ya kusikitisha. Wakahamia wote wawili.

Fébronie alikuwa na wazee wake kumi na wanne, gari la kazi na simu isiyonyamaza. Melchior alikuwa na dirisha. Tusilizunguke jambo hili: shemeji yangu alikuwa na huzuni. Alikaa akitazama kivuko ambacho hakukusudia kukipanda. Nilipompigia simu aliniuliza habari za Tensta torg, nani amekaa benchi gani, na nilimsikia akivuta pumzi.

Dada akamwambia atafute kitu cha kufanya, cha kupumzisha akili, ila kiwe cha bei nafuu kwa sababu walikuwa wanaishi kwa mshahara mmoja. Akatafuta kwa bidii, mnyonge wa Mungu. Kuvua samaki kulihitaji mashua. Kwaya ilikuwa ng'ambo, Norrtälje, na mazoezi yalikwisha kivuko kikiwa kimeshalala. Jirani mmoja alimwazima mbao za kutelezea thelujini. Akazirudisha siku hiyo hiyo, akichechemea, na akashukuru sana. Uyoga wa msituni ni bure, lakini alikataa kula kitu ambacho hakuna mtu wa Mugamba aliyewahi kukipa jina. Maktaba inayokuja na mashua mara mbili kwa mwaka ilimletea vitabu vya mambo ya kupitisha wakati, na kila kitabu kilianza na orodha ya vitu vya kununua. Alijaribu kutazama ndege bila darubini. Aliniambia, "Shemeji, nikishamwona, ameshaondoka. Hiyo si burudani, hiyo ni kuagana."

Mwezi wa tatu mwaka 2022 alimwambia Fébronie kwamba mwezi wa nane atarudi Tensta. Axel na mkewe Adhiambo walikuwa wanahamia nyumba kubwa zaidi huko huko, na kungekuwa na chumba. Dada angebaki kisiwani amalizie miaka yake mitatu, wakionana mwisho wa wiki, barafu ikiruhusu.

Dada hakugombana naye. Alinipigia simu akiwa ameegesha gari la kazi kando ya barabara, akaniambia, "Perpétue, vita vilimchukua miezi kumi na mmoja. Sasa anataka kwenda mwenyewe." Alilia, nami nililia huku Jakobsberg mbele ya mashine ya kufulia. Hilo ndilo lililokuwa hatarini wakati ule: ndoa ya karibu miaka thelathini na minne, si kwa ugomvi, ila kwa kukosa cha kufanya mchana.

Mwezi wa tano ng'ombe walitolewa kwenda malishoni. Wenyeji mnajua kwamba ng'ombe wa kisiwa hiki ni wa Isak, ambaye amekaa pale benchi la tatu, na Axel anamnong'oneza ninachosema. Isak ni mtu wa miaka sabini na kitu, hana mke, na mwaka mzima walipokuwa majirani yeye na Melchior walikuwa wamesalimiana "hej" na si zaidi. Ng'ombe wake ni wa aina ya zamani ya Uswidi, wekundu mwili mzima, na hawana pembe. Hawakukatwa, wanazaliwa hivyo.

Siku hiyo Melchior alikuwa anatembea kwenda kwenye sanduku la barua. Ng'ombe mmoja mkubwa, anayeitwa Dagros, akaja hadi kwenye uzio na kumtazama. Melchior akasimama. Alituhadithia kwamba kwanza alimwonea huruma, kwa kuwa alionekana kama mzee aliyevuliwa kofia mbele za watu. Halafu mdomo wake ukafunguka wenyewe, ukaanza kusema maneno ya baba yake, ya jioni, ya zizini, ambayo hakuwa ameyasema kwa miaka zaidi ya hamsini. Alisema mistari minne akakwama. Mengine yalikuwa yamepotea. Na hayo machache yaliyobaki yalikuwa yanasifu pembe, na ng'ombe aliyekuwa mbele yake hakuwa nazo.

Alirudi nyumbani bila barua. Alichukua daftari na penseli, akarudi uzioni, akakaa juu ya jiwe hadi saa ya chakula. Dada aliporudi kazini alimkuta anatembea jikoni akihesabu mapigo kwa vidole. Hakumuuliza kitu. Aliniambia aliogopa kuuliza, kisije kikakoma.

Kumsifu ng'ombe si kumwambia kwamba ni mzuri. Lazima umjue. Lazima umtazame siku nyingi, anavyoinuka, anavyomngoja ndama wake, nani anampisha na nani anamsukuma. Inahitaji muda, viatu vya mpira na daftari, na vyote alikuwa navyo. Tatizo la pembe lilimchukua wiki mbili. Mwisho alilitatua, na Isak ameniomba niusome wimbo wa Dagros jinsi Melchior alivyoutia katika Kiswahili kwa ajili ya mkwe wake Adhiambo:

*Mwekundu wa Isak, uliyeshuka duniani theluji ikianguka,*
*hukungoja jua likuambie simama.*
*Kichwa chako ni kilima kisicho na mti,*
*anayekipanda anaona mbali.*
*Wenye pembe hujitangaza wakiwa bondeni;*
*wewe ukitokea, wengine wameshapisha.*

Ng'ombe husifiwa kwa sauti ya kutosha, mkono ukiwa umeinuliwa. Hapo ndipo Isak alipompigia Fébronie simu, dada akiwa kazini anamkata kucha bibi mmoja.

"Mume wako anawafokea ng'ombe wangu," Isak alisema.

"Anawafokea au anawasemesha?"

"Sijui. Anapunga mkono. Ng'ombe wanamsikiliza."

"Basi anawasifu. Ni desturi ya kwao."

Isak akauliza, "Anataka nini?"

"Hataki kitu. Anataka kujua mama yake Dagros alikuwa nani."

Mtu aliyekuwa ameambiana "hej" na jirani yake kwa mwaka mzima alikuja jioni ile na madaftari manne. Alikuwa na nasaba ya kila ng'ombe tangu enzi za babu yake: nani alimzaa nani, mwaka gani, nani alivunja mguu, nani aliogelea kutoka kisiwa cha jirani akarudi nyumbani. Hakuwa amepata kuombwa na mtu yeyote ayaonyeshe. Walikaa mezani hadi chai ikapoa mara tatu. Fébronie aliwaacha hapo akaenda zake kuoga, na alisema aliimba bafuni.

Mwezi wa nane ulifika. Chumba cha Tensta kilikuwa tayari, Adhiambo ameshatandika kitanda. Melchior akasema atakwenda mwezi wa kumi, kwa kuwa kuna mtamba mmoja hajammaliza.

Na huyo mtamba ndiye aliyeleta balaa. Ng'ombe wa Isak wana majina, lakini huyu alikuwa na hereni ya namba sikioni tu. Melchior aliuliza anaitwa nani, akaambiwa haitwi. Kwa mtu wa Mugamba, ng'ombe asiye na jina ni ng'ombe aliyesahauliwa, na shemeji yangu hakuvumilia kuona mwanafunzi amekaa nyuma peke yake. Akampa jina mwenyewe: Gaju, kama wanavyoitwa ng'ombe wa rangi hiyo kwao. Akamtungia wimbo mrefu kuliko wote, kurasa saba, kufidia. Mjukuu wake Zuri alipokuja likizo akawa anasimama naye uzioni. Zuri alisema kwa Kiswidi kwamba babu anamsomea ng'ombe hotuba, na babu akamjibu kwa Kiswahili kwamba ng'ombe huyo anasikiliza kuliko yeye.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja Isak alibisha mlango, amebeba sanduku la nyama mikononi. Alitaka kushukuru na hakujua namna nyingine. Kwenye kila pakiti kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na namba. Melchior aliisoma ile namba mara mbili. Alimshukuru Isak, maana alikuwa mtu mwenye adabu, akafunga mlango, akaenda chumbani kutoa begi.

Fébronie alimkuta gatini siku ya pili asubuhi. Kuna watu walimpigia simu kwamba mumewe amesimama na begi. Isak naye alikuwa amepigiwa, kwa hiyo wakafika pamoja, yeye na trekta lake. Maneno yaliyosemwa pale nimeyapata kwa wote wawili, na wote wawili wameniruhusu.

"Mbona hukuniambia umempa jina?" Isak aliuliza.

"Mbona hukuniambia amebakiza miezi mitatu tu?"

"Kila mtu kisiwani anajua. Wasio na majina ni wa nyama. Ndiyo maana siwapi, ili niweze."

Kivuko kilikuwa kimeshaonekana. Dada anasema alitazama mikono yake mwenyewe asimtazame mumewe, kwa kuwa alikuwa ameapa kutomwomba abaki. Isak akavua kofia, upepo ule wote, akasema, "Mwakani nitakuonyesha mapema ni wepi wa nyama, ili uwaache hao."

Melchior alifikiri, kisha akamwambia, "Nionyeshe mapema, nianze na hao. Dagros ana miaka kumi mbele yake, anaweza kungoja."

Akainua begi, akalipakia kwenye trekta. Fébronie anasema kivuko kilifika, kikafungua mlango, kikakaa kidogo, kikafunga, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Habari za Tensta hazikusemwa tena.

Ile nyama yeye hakuigusa. Niliila mimi, Krismasi, na nasema mbele ya kanisa kwamba Gaju alikuwa mtamu. Shemeji alikaa nami mezani akanisomea kurasa zote saba huku natafuna. Nikifika sehemu nzuri ya paja ananiambia, "Hapo hapo, ndipo nilipoandika kuhusu mwendo wake."

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuridhika, na sina cha kuhadithia sana, maana watu walioridhika hawapigi simu. Aliongeza daftari la pili na la tatu. Aliwasemea wanaokwenda kwanza, wanaobaki baadaye, akawa anawatungia pia kwa Kiswidi ili Isak aelewe. Kiswidi chake kilikuwa cha foklifti, lakini Isak anasema kwa ng'ombe kilitosha. Watu wa mapumziko ya kiangazi walisimama barabarani na baiskeli zao kumsikiliza. Mmoja alimuuliza kama kuna kiingilio. Akamwambia aulizwe Dagros.

Mwezi wa nne mwaka 2025 Fébronie alistaafu. Alikuwa ametimiza miaka yake yote minne. Siku ya pili alianza kufunga vyombo kwenye magazeti, kwa kuwa aliamini kwamba mumewe amevumilia kwa ajili yake na sasa zamu yake imefika. Melchior aliingia jikoni akauliza sahani zinakwenda wapi. Akamwambia, Tensta. Akamuuliza, "Kuna nani Tensta?" Wakazifungua tena pamoja. Dada ananiambia hakuna siku aliyomwelewa mumewe vizuri kama siku hiyo ya sahani.

Mwezi wa tisa mwaka huo huo alianza kupungua uzito na kuumwa tumbo. Tarehe 2 Oktoba 2025 hospitali kubwa ya jijini ilithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho na kwamba imechelewa kuonekana. Alipewa nafasi ya kuuguzwa mjini, karibu na watoto na karibu nami. Alimsikiliza daktari hadi mwisho, akamshukuru, akauliza kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Wauguzi wa hapa kisiwani, waliokuwa wenzake na Fébronie, walimhudumia nyumbani, na tunawashukuru kwa mikono miwili. Wiki za mwisho hakuweza kufika zizini. Isak alikuwa anakuja kumweleza nani amezaa na nani anachechemea, naye alimuuliza maswali, na tulio chumbani tulijifunza kukaa kimya.

Melchior Barampama alifariki Jumapili, tarehe 18 Januari 2026, saa nne na nusu asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Fébronie alikuwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Axel na Natacha, mkwe, Adhiambo, mjukuu, Zuri, dada mmoja na wapwa wengi huko Mugamba, shemeji mmoja mwenye mdomo, rafiki, Isak, madaftari matatu, na ng'ombe wasio wake, ambao idadi yao hatuitaji, kwa sababu kwao ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hadharani.

Wa mwisho nimemwacha kwa makusudi. Jana mchana tulikaa nyumbani kwake tukipanga mambo. Kila mmoja wetu alikuwa amemwandalia dada mahali: mimi Jakobsberg, Axel Tensta, Natacha kwake. Tulisema kwa zamu na kwa upole, kama tulivyopatana kwenye basi. Axel akamaliza kwa kumuuliza, "Mama, huku utakaa na nani?"

Fébronie alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akasema, "Na baba yako. Alipokuwa mzima alishindwa kuniacha huku peke yangu. Mimi nitaanzaje kumwacha leo, na tumemchimbia kaburi hapa?"

Basi hatuna la kuongeza. Shemeji, pumzika kwa amani. Mkeo yupo.